Kupima Utendaji wa Mashirika ya Umeme na Soko la Umeme la Kanda: Mwongozo

Kila takwimu ya umeme imetoka kwenye mita iliyofungwa mahali fulani, kisha ikagawanywa kwa idadi fulani ya wateja, ya saa au ya uniti. Anayetaka kujua kama shirika la umeme linafanya kazi vizuri, awe ofisa wa mamlaka ya udhibiti, mwandishi wa habari, mbunge wa kamati ya nishati au mwenye kiwanda anayetafuta pa kujenga, hana budi kuyajua hayo mawili kabla ya kuisoma takwimu yenyewe: mita iko wapi, na hesabu imegawanywa kwa kitu gani. Mashirika mawili yanaweza kutangaza asilimia ileile ya upotevu na yasifanane hata kidogo.

Mifano ya mwongozo huu imechukuliwa zaidi Afrika Mashariki, ambako gridi za nchi zimeanza kushikana. Njia ya Ethiopia na Kenya ya kilovolti 500, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, ina urefu wa kilomita 1,045 hivi, na ilianza kupitisha umeme wa biashara Novemba 2022. Njia ya Kenya na Tanzania ya kilovolti 400, kutoka Isinya hadi Singida, iliwashwa Desemba 2024. Uganda na Kenya zinauziana umeme tangu miaka ya 1950, baada ya bwawa la Owen Falls kuanza kazi mwaka 1954, na Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana megawati 80 za mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo. Utendaji wa shirika moja hauishii tena mpakani, ndiyo maana vipimo vya shirika na vya soko husomwa pamoja.

Uwezo na umeme uliozalishwa

Kosa la kwanza la wapimaji wengi ni kuchanganya megawati na megawati-saa. Megawati ni uwezo. Megawati-saa ni umeme wenyewe uliotoka. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Kama yote ingezunguka kwa nguvu zote mwaka mzima wa saa 8,760, ingetoa gigawati-saa 18,527. Hakuna bwawa linalofika huko, kwa kuwa mto una majira yake na watumiaji wana saa zao. Uzalishaji halisi ukigawanywa kwa hiyo 18,527 ndipo hupatikana kiwango cha matumizi ya mtambo.

Kiwango hicho kikiwa kidogo hakimaanishi kwamba mtambo ni mbovu. Inabidi kutenganisha saa ambazo mtambo ulikuwa tayari lakini haukuitwa na saa ambazo uliitwa ukashindwa. Huko Olkaria, Kenya, kuna usiku ambao mvuke wa jotoardhi huachwa uende hewani kwa sababu matumizi yamepungua na gridi haina pa kuupeleka umeme. Shamba la upepo la Ziwa Turkana, lenye megawati 310, lilikamilika kabla ya njia ya kutoa umeme wake kutoka Loiyangalani hadi Suswa; njia hiyo ilikuwa tayari mwaka 2018, na kwa muda wa kuchelewa mzalishaji alidai fidia kwa mujibu wa mkataba. Anayepima mitambo peke yake angesema kazi imefanyika. Mlipa bili, aliyeugharimia umeme usiomfikia, angesema vingine, na kipimo kizuri ni kile kinachoyaona ya wote wawili.

Upotevu

Upotevu ndicho kipimo kinachotajwa kuliko vyote, nacho ndicho kinachopindishwa kuliko vyote. Hesabu yake ni rahisi: umeme ulioingia kwenye mtandao, toa umeme uliouzwa, gawanya kwa ulioingia. Ndani yake mna mambo mawili yasiyo na undugu. Upotevu wa kiufundi ni joto linalotoka kwenye nyaya na transfoma, na hauwezi kuisha, kwani umeme ukisafiri lazima sehemu yake igeuke joto. Upotevu wa kibiashara ni umeme uliotumika bila kulipiwa: mita iliyochezewa, waya uliounganishwa na vishoka (mafundi wasio rasmi), mita iliyokufa ikabaki ukutani, taa za barabarani zisizo na mita, na makosa ya ofisini pale mteja anaposajiliwa kwenye transfoma isiyo yake.

Kuvitenganisha hivyo viwili kunahitaji kushuka hadi kwenye njia moja ya kilovolti 11 au 33. Tuseme mita ya kituo cha kupoza umeme inaonyesha kwamba njia fulani imepokea uniti 1,000,000 kwa mwezi, na mita zote za wateja wa njia hiyo zikijumlishwa zinatoa 820,000. Zimepotea uniti 180,000, yaani asilimia 18. Mhandisi mwenye urefu wa nyaya, unene wake na mzigo wa kila saa anaweza kukokotoa upotevu wa kiufundi. Akipata asilimia 9, basi asilimia 9 nyingine ni ya kutafutwa mitaani. Hatua inayofuata ni kufunga mita kwenye kila transfoma ya njia hiyo. Hapo mara nyingi hudhihirika kwamba sehemu kubwa ya uniti zilizopotea inatoka kwenye transfoma chache, na si ajabu mojawapo ikawa imelisha kiwanda kikubwa badala ya vibanda vya wanyonge ambavyo hulaumiwa kwanza.

Uniti zilizouzwa nazo huenda zisiwe zimelipwa. Kwa hiyo kipimo kamili zaidi huunganisha mauzo na makusanyo. Katika mfano huo huo, ikiwa shirika limekusanya asilimia 95 ya fedha lilizodai, basi 0.82 mara 0.95 ni 0.779, yaani kati ya kila uniti 100 zilizoingia, uniti 22 hazikuleta senti. Kwa wateja wa LUKU wa Tanzania, wa tokeni za Kenya au wa Yaka wa Uganda, makusanyo ni karibu asilimia 100 kwa kuwa wanalipa kabla. Deni hubaki kwa wanaolipa baada ya kutumia, na mara nyingi hao ni taasisi za umma. Tahadhari moja: mita ya kulipia kabla huondoa deni lakini haiondoi wizi. Mteja ambaye miezi mitatu hajanunua uniti na taa zake zinawaka ni habari iliyo wazi kwenye kompyuta ya shirika, ikiwa kuna mtu wa kuitafuta.

Kulinganisha upotevu wa nchi na nchi ndiko kunakoteleza zaidi. Uganda ililivunja shirika lake la umeme mwaka 2001 likawa matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Kampuni iitwayo Umeme ilikabidhiwa usambazaji Machi 2005, upotevu ukiwa takriban asilimia 38, na kufikia miaka ya mwisho ya mkataba wake ulikuwa umeshuka hadi asilimia 16 au 17. Mkataba uliisha 31 Machi 2025, kazi ikarudi kwenye shirika la serikali, UEDCL. Kushuka huko ni mafanikio ya kweli. Lakini hesabu hiyo ni ya usambazaji peke yake. Upotevu wa njia kuu za kusafirisha uko kwenye vitabu vya shirika lingine. Kampuni ya Kenya Power hutangaza upotevu wa njia kuu na wa usambazaji kwa pamoja, nao umekuwa ukizunguka asilimia 21 hadi 23 katika miaka ya karibuni. Anayeweka 16 ya Uganda kando ya 23 ya Kenya, kisha akatoa hukumu, amelinganisha nusu ya safari na safari nzima.

Mchanganyiko wa wateja nao hubadili jibu. Mgodi unaochukua umeme kwenye kilovolti 132 hauna njia ndefu ya mtaani ya kupotezea umeme. Shirika lenye upotevu wa asilimia 20 kwenye gigawati-saa 5,000, likianza kuuza nje gigawati-saa 1,000 kupitia njia kuu na kupoteza 30 tu humo njiani, litatangaza upotevu wa asilimia 17: gigawati-saa 1,030 zilizopotea kati ya 6,030. Hakuna transfoma hata moja iliyokarabatiwa, na umeme unaopotea umeongezeka. Jinsi biashara ya kanda inavyokua, ujanja huu utaonekana mara nyingi zaidi, hata pale ambapo hakuna aliyeukusudia. Dawa yake ni kutaka upotevu wa kila ngazi ya msongo uandikwe peke yake.

Jambo la mwisho kuhusu upotevu ni nani anaulipia. Mdhibiti huweka kiwango kinachoruhusiwa kuingia kwenye bei, na kinachozidi hapo humwangukia mwenye shirika. Nchini Kenya mdhibiti, EPRA, aliruhusu asilimia 18.5 wakati upotevu halisi ulikuwa juu ya hapo kwa zaidi ya pointi nne. Pengo hilo ndilo la kutazamwa. Likifunga kwa sababu upotevu umeshuka, shirika limefanya kazi. Likifunga kwa sababu mdhibiti amelegeza kiwango, mteja ndiye aliyelifunga kwa mfuko wake.

Kukatika kwa umeme

Vipimo vinavyokubalika kimataifa ni viwili, na wataalamu huviita kwa vifupisho vyake: SAIDI, yaani wastani wa muda ambao mteja mmoja hukosa umeme kwa mwaka, na SAIFI, wastani wa mara anazokatikiwa. Ukigawanya cha kwanza kwa cha pili unapata CAIDI, wastani wa muda wa kurudishiwa umeme ukishakatika.

Tuchukue mji wenye wateja 20,000. Katika mwezi mmoja njia moja imekatika kwa dakika 120, ikawagusa wateja 5,000. Transfoma moja imeungua, wateja 400 wamekaa gizani saa 10. Gridi nzima imeyumba, wateja wote 20,000 wakakosa umeme kwa dakika 15. Dakika za wateja ni 600,000, kisha 240,000, kisha 300,000, jumla 1,140,000. Zikigawanywa kwa wateja 20,000, SAIDI ya mwezi huo ni dakika 57. Waliokatikiwa ni 25,400 ukijumlisha matukio yote, kwa hiyo SAIFI ni 1.27, na CAIDI ni kama dakika 45. Hakuna mteja hata mmoja aliyekaa gizani dakika 45. Wale 400 wa transfoma iliyoungua wamekosa umeme zaidi ya saa 10, na wastani umewameza. Ndiyo sababu ripoti nzuri hutoa pia idadi ya wateja waliokatikiwa kupita kiwango fulani, kwa mfano zaidi ya saa nane kwa mkupuo. Hao ndio waliomwaga maziwa na samaki.

Mtihani mkubwa wa vipimo hivi ni kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara ulipoharibika, kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kutoka 10 Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu hivi. Siku 90 ni dakika 129,600 kwa kila mteja. Kuna utaratibu wa takwimu, uliowekwa kwenye kiwango namba 1366 cha taasisi ya wahandisi ya IEEE, unaoruhusu siku za maafa makubwa ziondolewe kwenye hesabu ya kawaida: hutumika rekodi za kila siku za miaka mitano, na siku iliyopita mpaka uliokokotolewa huandikwa kando. Utaratibu huo una maana yake, kwa kuwa kimbunga kimoja kinaweza kuficha kazi nzuri ya mwaka mzima. Lakini ukitumiwa bila kuonyesha kilichoondolewa, mwaka wa giza la miezi mitatu unaweza kuandikwa kuwa mwaka wa kawaida. Tena, kwenye vitabu vya shirika linalouza umeme kwa jumla, ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ni mteja mmoja. Kisiwa kizima kikizimika, aliyekatikiwa ni mmoja. Waya mpya wa megawati 100 uliwekwa mwaka 2013, na tangu hapo kipimo cha kufuatilia kwa visiwa ni kile cha uthabiti wa njia: je, njia moja ikianguka, iliyobaki inatosha kubeba mahitaji ya saa za usiku?

Vitu vingine havionekani kwenye SAIDI hata kidogo. Katizo la dakika mbili au tatu kwa kawaida huhesabiwa kando au haliandikwi, ingawa kwa kiwanda cha plastiki linatosha kugandisha mali ndani ya mashine. Umeme mdogo, ule unaoifanya taa iwe nyekundu na friji igome, si katizo kwa hesabu ya shirika. Matukio ya nyaya za mtaani hurekodiwa tu mteja akipiga simu, kwa hiyo mtaa uliokata tamaa ya kupiga simu huonekana kuwa na umeme mzuri. Mgao nao una siasa zake: lazima ijulikane kama makatizo yaliyopangwa yamo ndani ya hesabu au yamewekwa pembeni. Tanzania ilipokuwa na mgao kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipoanza kazi Februari 2024, njia zilikuwa nzima na mafundi hawakuwa na kosa, ila umeme haukuwepo. Kwa anayepima mafundi wa usambazaji, mgao huo ukae kando. Kwa anayepima huduma, uingie wote.

Ripoti ya Benki ya Dunia iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, ambayo ilifutwa mwaka 2021 baada ya dosari kuonekana kwenye data zake, ilipima umeme kwenye mji mkubwa wa kibiashara wa kila nchi. Kwa Tanzania ulikuwa Dar es Salaam. Mtu wa Kigoma, ambako kwa miaka mingi umeme ulitoka kwenye jenereta za dizeli, hakuwemo.

Fedha na wateja

Swali la fedha ni moja: je, bei anayolipa mteja inatosha gharama ya kumfikishia umeme, pamoja na matengenezo na madeni? Nchini Tanzania, mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, na mteja wa kawaida hulipa 292. Ruzuku hiyo ya ndani si kosa. Ni uamuzi wa sera. Kazi ya mpimaji ni kuonyesha nani anaibeba. Pia lazima atazame sarafu. Shirika linalokusanya shilingi na kununua umeme kwa dola linaweza kuharibikiwa bila kukosea lolote kwenye mitambo. Hesabu ya kuangalia kabla ya faida ni siku ambazo shirika huchukua kuwalipa wazalishaji: zikirefuka kutoka siku 40 hadi 120, faida iliyoandikwa kwenye ripoti ya mwaka ni ya karatasi.

Uunganishaji una mtego mkubwa zaidi wa mgawanyo kuliko eneo lingine lolote. Serikali ya Tanzania hutaja vijiji 12,318, ambavyo vyote vimefikiwa na umeme. Vitongoji ni 64,359, na huko safari bado ndefu. Kaya ni hesabu nyingine kabisa, kwani nguzo inaweza kusimama mbele ya nyumba miaka mingi bila waya kuingia ndani, hata ada ya kuunganishiwa kijijini ikiwa shilingi 27,000. Na kaya iliyounganishwa inaweza kununua uniti tano kwa mwezi. Kenya iliunganisha mamilioni ya wateja ndani ya muongo mmoja, na wastani wa matumizi kwa mteja ukaporomoka. Kijiji, kitongoji, kaya, uniti: ripoti itaje ngazi zote nne.

Soko la kanda

Shirikisho la umeme la Afrika Mashariki, EAPP, liliundwa mwaka 2005 na makao yake yako Addis Ababa; Tanzania ilijiunga 2010 na Uganda 2012. La kusini mwa Afrika, SAPP, ni kongwe zaidi, la mwaka 1995, na kituo chake cha uratibu kiko Harare. Tanzania imo kote kuwili. Tofauti yao kwa mpimaji ni kubwa. SAPP ina soko la siku moja mbele tangu Desemba 2009: kila shirika hutuma bei na kiasi kwa kila saa ya kesho, kompyuta huoanisha wauzaji na wanunuzi, na bei hutoka. Afrika Mashariki umeme umekuwa ukiuzwa hasa kwa mikataba ya nchi mbili mbili. Vipimo vya soko la mnada haviwezi kuhamishiwa kwenye mikataba kama vilivyo.

Penye mnada, maswali ni haya: kiasi gani kilitolewa kuuzwa, kiasi gani kilitakiwa, na kiasi gani kilioanishwa. Kisha: kati ya kilichooanishwa, kipi kilishindwa kupita kwa sababu njia ilijaa? Njia inapojaa, soko hugawanyika, upande wenye umeme mwingi ukawa na bei ya chini na upande wenye njaa bei ya juu. Idadi ya saa za mgawanyiko kwa mwaka, pamoja na ukubwa wa tofauti ya bei, humwambia mpangaji mahali pa kujenga njia mpya vizuri zaidi kuliko ripoti yoyote ya washauri. Ukame hufanya vipimo hivi viyumbe: mwaka 2024 maji ya bwawa la Kariba yalipopungua sana, Zambia, iliyozoea kuuza, iligeuka mnunuzi, na bei ya mwaka kama huo haifai kuwekwa kando ya ya mwaka wa mvua bila maelezo.

Ushindani hupimwa kwa kujumlisha miraba ya sehemu za soko. Wauzaji watatu wenye asilimia 50, 30 na 20 hutoa 2,500 na 900 na 400, jumla 3,800. Muuzaji mmoja hutoa 10,000. Kwa mashirika ya serikali yanayouziana ziada, kipimo hiki kina faida ndogo. Penye wauzaji wawili na njia moja, ushindani upo kwenye karatasi, na afadhali mpimaji atazame masharti ya mkataba.

Penye mikataba, kipimo cha kwanza ni matumizi ya njia. Njia ya Ethiopia na Kenya imejengwa kubeba megawati 2,000. Mkataba wa miaka 25 ulianza na megawati 200 kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha 400. Megawati 200 kwa saa zote za mwaka ni gigawati-saa 1,752, yaani asilimia 10 ya uwezo wa njia. Msomaji wa haraka atasema njia imekaa bure. Jibu la haki zaidi linahitaji mgawanyo wa pili: umeme uliopita ukigawanywa kwa ulioahidiwa kwenye mkataba. Wa kwanza hupima wapangaji na waliotoa mikopo. Wa pili huwapima muuzaji na mnunuzi.

Bei nayo ipimwe mahali umeme unapopokelewa. Mkataba huo uliwekwa kwenye senti 6.5 za dola kwa uniti. Nchi ya tatu ikiununua umeme wa bei hiyo, ikalipa senti moja ya kupitisha, na asilimia 5 ikapotea njiani, gharama yake ni 7.5 gawanya kwa 0.95, yaani senti 7.9 hivi. (Senti ya kupitisha na hiyo asilimia 5 ni za mfano.) Mjadala wa namna hiyo uliwaka Tanzania Machi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipoeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kwa mikoa ya kaskazini. Wengi waliuliza kwa nini ununuliwe wakati Rufiji kuna ziada. Serikali ikataja umbali na upotevu wa kuusafirisha umeme kutoka kusini. Hoja zote mbili zinapimika kwa hesabu moja: gharama ya uniti moja inayofika Arusha kutoka kila upande, saa zilezile, pamoja na gharama ya umeme kukatika kaskazini njia ndefu inapoanguka. Bila nambari hizo tatu mabishano hubaki ya uzalendo.

Muunganiko huleta pia hatari ya kushirikiana maafa, nayo ipimwe. Tarehe 6 Septemba 2024 njia ya Loiyangalani ilijizima kituoni Suswa, kisha muunganiko wa Ethiopia nao ukajitoa, na sehemu kubwa ya Kenya ikawa gizani. Megawati 200 ni chini ya kumi kwa mia ya matumizi ya juu ya Kenya jioni, lakini usiku wa manane, matumizi yakiwa karibu nusu, uzito wake unakaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo mtihani wa kuuliza kama mfumo unastahimili kupotea kwa chombo kimoja kikubwa ufanywe saa ya mzigo mdogo vilevile. Vipimo vya kufuatilia ni muda ambao mzunguko wa gridi umetoka nje ya mpaka wake kuzunguka hezi 50, akiba ya mitambo inayoweza kuitikia kwa sekunde, na umeme uliovuka mpaka bila kupangwa. Hicho cha mwisho ni kipimo cha adabu: nchi inayochukua umeme usio wake kila jioni inamtegemea jirani aisawazishie gridi yake bure.

Kulinganisha na kuhakiki

Benki ya Maendeleo ya Afrika hutoa faharasa ya udhibiti wa umeme tangu 2018, na Uganda iliongoza matoleo ya mwanzo mfululizo wakati wananchi wake wakilalamikia bei. Hakuna mgongano hapo. Sehemu kubwa ya faharasa hiyo hupima sheria, uhuru wa mdhibiti na taratibu zake. Matokeo kwa mteja ni sehemu mojawapo tu. Nafasi kwenye orodha isitumike kujibu swali ambalo orodha haikuulizwa.

Shirika hulinganishwa kwa haki na lenzake lenye msongamano unaokaribiana wa wateja kwa kilomita ya njia, vyanzo vinavyofanana vya umeme na kazi zilezile, au lilinganishwe na lilivyokuwa lenyewe miaka mitano nyuma. Likibadili njia ya kuhesabu katikati, miaka ya nyuma ihesabiwe upya kwa njia mpya, ama mstari wa grafu ukatwe mahali pa badiliko.

Uhakiki wa data huanzia kwenye sampuli. Huchukuliwa njia chache kwa bahati nasibu, na daftari la kituo cha kupoza umeme husomwa kando ya rekodi za simu za wateja na kumbukumbu za mita zenye mawasiliano. Saa za kukatika na kurudi zikiwa zote zimeandikwa kwa nusu saa kamili, daftari hilo limejazwa baadaye. SAIDI ikishuka ghafla mwezi ambao bonasi za mameneja zimefungwa nayo, simu za wateja zihesabiwe kabla ya kupongeza. Mpakani kuna mita kuu na mita ya kuhakiki, na mikataba hutaja tofauti inayovumilika kati yao. Ripoti za pande mbili kwa mwezi uleule zikitofautiana kupita hapo, hakuna kipimo cha soko kinachoweza kutolewa kwa mwezi huo hadi mita zikaguliwe, kosa lipatikane na ankara isahihishwe.